Kumzawadia kitabu mtu aliyejaa vitabu

Ugumu haupo kwa asiyesoma. Upo kwa yule mwenye rafu mbili ukutani na nyingine chini ya kitanda: ukikisia tu, utampelekea alichonacho. Wasomaji wa Kigoma wanaopeana vitabu Krismasi waanze na orodha kabla ya kufikiria duka, tena mapema, Oktoba.

Chagueni mtunza orodha mmoja. Kila mtu amwandikie vitabu vitatu anavyovitamani, na kwa kila kimoja ataje jina, mwandishi, lugha na toleo. Toleo lina uzito wake. Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari Tabora, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, tafsiri ikatoka 1963, kisha akairekebisha ikatoka tena 1969. Anayetafuta ile ya kwanza apate kuzilinganisha hatafaidika ukimletea ya pili, ambayo pengine anayo. Mnunuzi akishachagua, mtunza orodha anakata jina hilo kimyakimya. Mwenye kupewa anajua ni kimojawapo kati ya vitatu, hajui kipi, na raha ya kufungua inabaki palepale. Kitabu kilichokwisha kusomwa kinakubalika kabisa, mradi muwe mmekubaliana hivyo.

Ukiagiza Dar es Salaam, anayekununulia akikague kabla ya kulipa. Huku ni mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200, na kitabu kibovu hakirudishiki kirahisi. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, hivyo kosa likitokea huchukua mkunjo mzima: unatoka ukurasa wa 64 unatua wa 81, au 49 hadi 64 zinajirudia. Afuate namba mpaka mwisho; ni dakika tatu tu. Herufi zilizovimba na picha ya jalada iliyofifia ni dalili ya nakala ya wizi, ambayo mwandishi hapati hata senti. Aiache.

Maneno ya zawadi yaandikwe kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo, kwa penseli au peni ya kawaida. Wino wa jeli hutawanyika ukipata unyevu, na Desemba kwetu ni mvua.

Kava ndiyo sehemu ya kufanya kwa utulivu. Kwa kitabu cha sentimita 15 kwa 21 chenye unene wa 2, kata karatasi ya kaki ya sentimita 44 kwa 27. Kunja sentimita 3 juu na 3 chini, weka kitabu katikati, kisha ingiza masikio ya sentimita 6 ndani ya jalada kila upande. Usikaze sana, maana kitabu kikifunguliwa kava itachanika mgongoni. Selotepu isiguse jalada lenyewe: baada ya muda hugeuka njano, na ukiibandua inaondoka na rangi.

Kama kinasafiri kwa basi, kizungushie plastiki ya kujalidia madaftari, kiweke kwenye boksi, na ujaze gazeti lililofinyangwa kwenye pembe, kwa sababu pembe ndizo huumia kwanza. Kwa mzigo unaotoka Kigoma kwenda Tabora, mwombe kondakta asiuweke karibu na madumu ya mawese. Yakimwagikia kitabu, poda ikilazwa usiku mmoja hunyonya mafuta kiasi, lakini ile rangi nyekundu haitoki kwenye karatasi.

Ukipokea kitabu kipya, usikikunjue kwa nguvu katikati, utavunja gundi ya mgongo. Kilaze kwa mgongo, fungua kurasa chache za mwanzo uzikandamize taratibu, halafu chache za mwisho, hivyo hivyo hadi ufike katikati. Ukikuta unacho, mwambie aliyekupa siku hiyohiyo, pembeni: “Ndugu yangu, hiki ninacho, tafadhali tukibadilishe.” Kunyamaza kunamnyima mwingine kitabu.

Na kikifika kimelowa, usibandue kurasa zilizoshikana. Kisimamishe kikiwa kimefunguka kama feni mahali penye upepo, ndani ya nyumba, na uweke karatasi laini nyeupe kila baada ya kurasa ishirini, ukizibadilisha kila zinapolowa. Jua kali hukunja kurasa na kukausha gundi. Anza mara moja, kwa sababu kuvu huweza kuota ndani ya siku mbili. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya vitabu vizito mpaka kinyooke.