Somo: Kupanga insulini ya msingi kwenye pampu, tuanze na usiku

Asalaam aleikum wanachama. Wenye kisukari mliovalishwa pampu karibuni, ile mashine ndogo inayotia insulini mwilini mchana na usiku, wengi mnaniuliza jambo moja: "Nimewekewa namba kliniki, mbona sukari bado inacheza?" Inacheza kwa sababu namba ile, kiasi cha insulini cha kila saa, ni makisio. Yana hesabu yake, lakini ni makisio. Kazi ya kuyarekebisha hufanyika nyumbani, na sana sana usiku, saa ambazo vichochoroni hupita punda tu. Naeleza nilivyofanya mimi hapa Amu, huku daktari wangu akipokea picha ya daftari langu kila baada ya siku tatu. Nawe usiguse namba kabla hujakubaliana na wako.

Tuelewane kwanza. Ndani ya pampu hamna insulini ya muda mrefu. Mna ile ya haraka peke yake, inadondoka kidogo kidogo usiku na mchana. Huko kudondoka ndiko wanakoita basali, yaani insulini ya msingi. Ile ya chakula ni bolasi. Basali inashughulika na sukari ambayo ini linaitoa hata usipokula kitu. Ikiwa sawa, sukari ya mtu aliyefunga hukaa kama mashua iliyotia nanga: inayumba, lakini haiendi.

Namba yangu ya kwanza ilipatikana hivi. Kwa sindano nilikuwa natumia yuniti 40 kwa siku. Daktari akapunguza asilimia 20, maana pampu kwa kawaida huhitaji insulini kidogo kuliko sindano, zikabaki 32. Nusu yake, 16, ikawa ya basali. Gawanya kwa saa 24, unapata 0.67. Tukaanza na 0.65 kwa saa, mchana na usiku sawasawa.

Hatua ya kwanza: chagua usiku usio na mambo. Usiwe na homa, usiwe umebeba mizigo jetini mchana kutwa, na sukari isiwe imeshuka siku hiyo. Kula mapema, bolasi yako ya mwisho iwe saa kumi na mbili jioni, halafu basi. Chakula kiwe chepesi, unachokijua hesabu yake. Mimi nilikula muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma. Wali wa nazi na viazi vya karai uviache siku hiyo. Mafuta huchelewesha chakula, na utakachokiona saa nane za usiku kitakuwa ni nazi, si basali.

Hatua ya pili: subiri saa nne zipite, ndipo upime. Ukiwa kati ya 5 na 10, endelea (namba zangu zote za sukari ni za milimoli kwa lita). Pima kila baada ya saa mbili mpaka asubuhi. Mwenye sensa, kile kifaa cha kubandika mwilini kinachopima sukari chenyewe, atalala, ila athibitishe kwa kidole mara moja mbili. Ikishuka chini ya 4, jaribio limekwisha: kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15. Ikipita 14, limekwisha pia. Rekebisha kwa dozi ya insulini na upime ketoni, ile asidi inayojaa mwilini insulini ikikosekana.

Usiku wangu wa kwanza daftari lilisema: saa nne 7.2, saa sita 7.0, saa nane 7.4, saa kumi 9.1, saa kumi na mbili 11.3. Usiku wa pili ukaja karibu vilevile. Msibadilishe kitu kwa usiku mmoja, jamani. Usiku mmoja unaweza kuharibiwa na mbu tu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowakosesha watu. Sukari yangu ilianza kupanda baada ya saa nane. Je, niongeze kuanzia saa nane? Hapana. Insulini ya haraka si ya haraka hivyo; inayodondoka sasa hivi itafanya kazi yake kubwa baada ya saa moja hadi mbili. Basi nikaongeza kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili asubuhi, kutoka 0.65 hadi 0.75. Hatua moja ni asilimia 10 hadi 20, si zaidi. Baada ya siku tatu nikapima tena: asubuhi 10.2. Nikapanda hadi 0.85, asubuhi ikawa 9.0 kutoka 7.1 ya usiku. Tofauti haikufika 2, nikaacha hapo. Kutafuta mstari ulionyooka kama rula ni kujitesa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Pampu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Wakati mmoja nilitaka kubadilisha saa kumi alfajiri, nikaandika 10:00. Hiyo kwetu ni saa nne asubuhi! Niko sokoni natembea, sukari ikafika 3.4. Nikajikuta barazani kwa watu jasho linanitoka, mwenye nyumba akaniletea juisi ya ukwaju. Tangu siku ile daftari langu lina safu mbili: saa yetu na saa ya pampu. Saa saba usiku ni 01:00. Saa kumi alfajiri ni 04:00. Andikeni.

Mchana ni utaratibu uleule, ila unaruka mlo mmoja: leo chai ya asubuhi, wiki ijayo cha mchana. Usijaribu siku nzima kwa mpigo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mtoto, Mokowe: Bi mkubwa, nimeongeza basali mara mbili na mwanangu bado ana 16 usiku kucha. Niongeze tena?

Usiongeze, mwanangu. Sukari isiyosikia insulini, kwanza shuku kanula, ule mrija mwembamba unaoingiza insulini chini ya ngozi. Huenda imekunjika, au imekaa zaidi ya siku tatu. Pima ketoni. Zikiwepo, mpe dozi ya kurekebisha kwa sindano, si kwa pampu, kisha weka kanula mpya mahali pengine na umpigie daktari. Akitapika, ni hospitali usiku huohuo. Pampu ikisimama hakuna akiba mwilini. Ketoni huja kwa saa chache tu. Na zile namba ulizoongeza, zirudishe kwanza, au kanula mpya ikifanya kazi atashuka.

Mvuvi, Kizingitini: Nikienda baharini naivua pampu ninaiacha nyumbani. Kuna ubaya?

Upo, kaka. Ukiivua usizidishe saa moja hivi. Nenda nayo, na kwa kazi ya kuvuta nyavu punguza basali kwa muda, kama nusu, saa moja kabla ya kuanza. Ifunike isipigwe na jua, hasa wakati wa kaskazi. Insulini iliyoungua haitakwambia kuwa imeungua. Chukua pia sindano na soda.

Mwanachama, Malindi: Jirani Mtaliano alinipa kipimo chake, kinaniambia 130. Nife?

Hutakufa! Kwao wanapima kwa miligramu. Gawanya kwa 18: una 7.2, hongera.

Dada, Shela: Siku chache kabla ya hedhi namba zangu zote zinaharibika.

Hata mimi. Omba daktari akuwekee programu ya pili yenye basali ya juu kidogo, uiwashe siku hizo na kuizima damu ikija. Usifanye jaribio lolote wiki hiyo.

Mzee, Langoni: Ramadhani je?

Kwanza daktari akwambie kama afya yako inaruhusu kufunga. Akiruhusu, mwongozo wanaoutumia wengi ni kupunguza basali asilimia 20 hadi 40 saa tatu au nne za mwisho kabla ya futari. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, baba, fungua, hata kama maghribi imebaki dakika kumi.

Kijana, Mkomani: Nimebadilisha betri, saa ya pampu imekuwa mchana badala ya usiku. Ni lazima nirekebishe leo?

Sasa hivi, kabla hujasoma jibu la mwingine. Basali yako ya alfajiri inadondoka alasiri.