Kuchonga kasa kwa ndala zilizookotwa ufukweni

Ndala zinazotupwa na maji kwenye fukwe za Msimbati, Msangamkuu na Mikindani, mkoani Mtwara, huchongeka vizuri, na hata ambaye hajawahi kukaa chini ya fundi anaweza kuanza nazo. Mchonga mpingo hulikuta gogo lilivyo, na akishapunguza hawezi kurudisha. Gogo la ndala unalijenga mwenyewe, na rangi zote huamuliwa hapo, kabla kisu hakijagusa kitu.

Kwa kasa mwenye gamba la sentimita 30 kwa 24 na kimo cha 12, tafuta soli 35 hivi, gundi ya viatu nusu lita, waya wa kufungia nondo mita 4, msasa namba 80 na 120, kisu chembamba cha fundi viatu, na barakoa. Okota baada ya maji ya bamvu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo zinapojaa. Chukua za sponji tu. Ukichanganya na za mpira mgumu, msasa utakula sponji na kuacha mpira umetuna.

Ng'oa mikanda, loweka soli usiku kucha kwenye maji yasiyo ya chumvi, sugua kwa sabuni ya unga, suuza mara mbili, anika kivulini siku 2. Juani sponji hunywea na kujikunja. Kisha piga msasa namba 80 pande zote mbili mpaka ngozi ya juu inayong'aa iishe. Gogo likiachia, mara nyingi chanzo ni ngozi hiyo, au chumvi iliyobaki.

Paka gundi nyembamba pande zote mbili zinazokutana, subiri dakika 10 hadi 15, hadi ukigusa kwa kidole isikufuate. Ukibandika ikiwa mbichi, tabaka zitateleza chini ya kisu hata baada ya siku kadhaa. Chini weka soli nne kila tabaka, juu punguza hadi mbili. Viungo vipishane kama tofali za ukuta. Kandamiza kwa ndoo ya lita 10 iliyojaa mchanga, saa 24. Fanyia kazi hii nje, mbali na moto. Usijaze tumbo kwa vipande vya maboksi meupe ya kuhifadhia samaki: gundi huyayeyusha, na utabaki na shimo usiloliona. Soli zilizopauka ndizo za kuweka katikati.

Sasa rangi. Tabaka zikilala bapa, mgongo wa mviringo hutoa duara ndani ya duara. Zikisimama, hutoa mistari toka shingoni hadi mkiani. Kasa hupendeza na tabaka bapa. Weka soli nyeupe, uliyoichana iwe nyembamba, kati ya mbili za rangi nzito. Ikikatwa kwa mshazari hutoka mstari safi ambao hakuna brashi inayoufikia. Ndiyo maana hatushauri kupaka rangi kabisa, wala vanishi, kwa kuwa sponji hujipinda na vanishi hupasuka.

Chonga kwa kisu kilicholoweshwa maji ya sabuni, ukivuta mikato mirefu. Kikianza kunyofoa, kinoe. Usikipashe moto: moshi una madhara, na ukingo ulioyeyuka hugoma msasa. Vaa barakoa unapopiga msasa.

Magamba yachore kwa kalamu kwanza: 5 katikati ya mgongo, 4 kila upande, na madogo kuzunguka ukingo. Kata mifereji ya milimita 3. Kati ya macho kasa wa kawaida (wa kijani) ana jozi moja ya magamba, ng'amba, aina nyingine ya kasa, ana mbili, na magamba ya mgongoni ya ng'amba hulaliana. Wavuvi wa Lindi na Mtwara wanawajua hawa wawili, watakosoa papo hapo.

Kila kikono ni soli mbili zilizobandikwa, katikati nyuzi tatu za waya zilizosokotwa. Acha sentimita 5 nje na uzikunje kama ndoana kabla ya kuzizamisha mwilini kwa gundi. Waya ulionyooka huzunguka na kuchomoka.

Mahali popote palipoachia baadaye, fungua kwa wembe, ondoa gundi ya zamani kwa msasa, kisha paka upya. Gundi mpya juu ya ile iliyoshika vumbi haidumu.