Kuchuna ndege wa kabati la makumbusho: anza na kunguru

Anayetaka kazi ya ndege kwenye makumbusho huulizwa mapema kama anajua kuchuna, yaani kutoa ngozi pamoja na manyoya yake ili ijazwe pamba, ikaushwe na kutunzwa kwa ajili ya utafiti. Kwa mikono inayojifunza, hakuna ndege mzuri kama kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa ametapakaa pwani nzima. Ngozi yake ni imara na mwili wake ni mkubwa wa kutosha kushikika. Njiwa na tetere waache kwanza: ngozi huchanika kama karatasi iliyolowa na manyoya hupukutika. Ndege mwingine wa porini, hata uliyemwokota amekufa, anahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Uliza kunguru huyo alikufaje, maana wengi huuawa kwa sumu. Vaa glavu na barakoa. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, usiwaguse. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, kwani huenda ni mafua ya ndege.

Kabla ya kushika wembe, andika lebo. Ngozi isiyo na tarehe na mahali ni pambo tu, haina faida kwa mtafiti. Weka tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, jina la aliyempata, uzito kwa gramu, na urefu wa bawa lililokunjwa, kuanzia kifundo cha mbele, pale bawa linapokunjika, hadi ncha ya unyoya mrefu kuliko yote. Rangi ya macho, mdomo na miguu iandikwe siku hiyohiyo, kwa sababu hufifia. Tumia penseli, wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti.

Pasua ngozi pekee, kutoka katikati ya kidari hadi karibu na kinyeo. Ukitoboa tumbo, uchafu utalowesha manyoya. Nyunyiza mara moja unga wa mahindi wenye chenga. Sembe laini hugeuka uji na kung'ang'ania. Sukuma ngozi kwa vidole, usiivute, kwani ikivutwa hurefuka na haitarudi. Kata magoti, kitako cha mkia, kisha mabega, halafu geuza ngozi kama soksi hadi kwenye mdomo. Toa macho bila kuyapasua, na ubongo kupitia kisogo. Bata na kigogota kichwa hakipiti shingoni. Hao hupasuliwa kisogoni.

Rudi kwenye mwili. Kata kipande cha nyama ya kidari, kama punje ya haragwe, ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Tazama karibu na figo: dume ana korodani mbili, jike kwa kawaida ana ovari moja, upande wa kushoto. Pima kwa milimita, uandike.

Mafuta ndiyo yanayoharibu ngozi nyingi. Yakibaki huvuja kwa miaka, yakageuza manyoya kuwa ya manjano na kuila ngozi. Kwangua yote, osha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, kausha kwa feni.

Geuza ngozi manyoya yarudi nje. Zungushia pamba kijiti, kiingie hadi kwenye fuvu, shona, funga mdomo kwa uzi, pishanisha miguu na ufunge lebo hapo. Kielelezo kikikauka kabisa, kigandishe wiki moja kwa nyuzi 20 chini ya sifuri ili mbawakawa wadogo walao ngozi wasiingie kabatini. Na unapofungua droo za zamani, vaa glavu: ngozi nyingi za enzi hizo zilipakwa sumu ya aseniki, nayo bado imo.