Somo: Glavu za mpira asilia zenye matundu, malengelenge na utando

Kabla hujagusa kipimo cha joto au kemikali yoyote, kusanya glavu mbovu 50 na uzipange mezani. Kwa kila moja andika imetoka kwenye kalibu (umbo la mkono linalochovywa) namba ngapi na kasoro iko wapi: ncha ya kidole, katikati ya vidole, kiganja au ukingo. Kasoro ikijirudia pahala palepale kwenye kalibu ileile, mkosaji ni kalibu. Ikiwa pahala pamoja kwenye kalibu zote, angalia mwendo wa kuchovya. Ikitawanyika ovyo, tatizo limo ndani ya utomvu (maji meupe ya mpira) au kigandishi (dawa inayopakwa kalibu ili utomvu ugande juu yake). Wengi huruka zoezi hili, wakaenda kupandisha joto la tanuri kwa ajili ya kasoro iliyozaliwa pipani jana yake.

Hatua ya 1: Kagua utomvu

Utomvu uliokolezwa huwa na mpira mkavu 60%. Ule wa amonia nyingi hubeba amonia isiyopungua 0.6%, wa amonia kidogo hauzidi 0.29%. Uthabiti wake dhidi ya kukorogwa uwe angalau sekunde 650. Angalia pia namba ya asidi tete: ikipanda, bakteria wameanza kuula utomvu na hautakaa vizuri kwenye tangi hata uufanyeje.

Pipa likisimama muda mrefu, malai ya mpira hupanda juu. Likoroge polepole mpaka chini kabla ya kuchota, kisha pitisha kwenye chujio la matundu 80 kwa inchi.

Hatua ya 2: Changanya na uache ukomae

Kwa kilo 16.7 za utomvu wa 60% (yaani kilo 10 za mpira mkavu), tia kwa mpangilio huu, huku ukikoroga polepole:

- hidroksidi ya potasiamu 10%: gramu 300
- sabuni ya potasiamu laureti 20%: gramu 100
- uji wa salfa 50%: gramu 200
- uji wa kichapuzi ZDEC (kinachoharakisha mpira kuiva) 50%: gramu 150
- uji wa kizuia-kuzeeka 50%: gramu 200
- uji wa oksidi ya zinki 50%: gramu 100

Oksidi ya zinki huja mwisho, na ina sababu: ikikutana na amonia huzaa ayoni zinazouzidisha utomvu uzito. Hidroksidi na sabuni lazima ziwe zimeshaingia ili kuulinda. Ongeza maji laini (yasiyo na kalsiamu) yenye amonia kidogo, karibu lita 7.2, nawe utapata mchanganyiko wenye mpira 40%, unaofaa glavu nyembamba.

Salfa isiyosagwa vya kutosha ni chanzo cha matundu ambacho wengi hawakishuku. Isage kwenye kinu cha mipira siku 2 au 3. Tone moja likisambazwa kwenye kioo lisionyeshe chembe.

Acha mchanganyiko ukomae saa 24 kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, ukikorogwa taratibu. Kupima ukomavu, changanya utomvu na klorofomu kiasi sawa, koroga dakika 2, kisha tazama bonge. Likinata na kuvutika kama ubani, ni namba 1. Likiwa laini na kukatika ukilivuta, namba 2. Mabonge yasiyonata ni namba 3, na chembe kavu kama makombo ni namba 4. Chovya ukiwa kati ya 2 na 3. Ukifika 4, mpira umekwisha kuungana ndani ya kila chembe, chembe hazishikani tena vizuri, na glavu hupasuka ovyo. Kipimo hiki kifanyike penye hewa ya kutosha. Mvuke wa klorofomu si wa kuvutwa.

Hatua ya 3: Kigandishi

Nitrati ya kalsiamu 12%, kaboneti ya kalsiamu laini 3%, dawa ya kulowesha 0.1%, maji kwa kilichobaki. Kaboneti huzama chini kigandishi kisipokorogwa muda wote. Kalibu iingie ikiwa na nyuzi 55 hadi 60, kisha ikauke kabisa. Tone likibaki kwenye ncha ya kidole, ncha hiyo itatoka nene, na tone likidondokea tangi la utomvu litaacha mabonge.

Ukitaka glavu nene, ongeza nguvu ya kigandishi kuliko muda wa kuchovya. Unene hukua kwa kasi inayopungua: muda ukiuzidisha mara nne, unene hufika karibu mara mbili tu.

Hatua ya 4: Kuchovya

Tangi liwe nyuzi 25 hadi 28. Kalibu iingie kwa mwendo usiokokota hewa, ikae sekunde 10 hadi 15, itoke polepole bila mtikisiko, kisha ipinduliwe na kuzungushwa ili utomvu ujisambaze. Kutoka kwa haraka huacha michirizi na utando kati ya vidole. Utando huo ukipasuka, sehemu ile hubaki nyembamba na ndiyo itakayovuja baadaye.

Hatua ya 5: Kuosha na kuoka

Osha glavu ikiwa bado mbichi katika maji ya nyuzi 50 hadi 60 yanayobadilishwa daima, dakika 3 au zaidi. Maji hutoa nitrati, sabuni na protini zinazosababisha mzio. Kisha tanuri: anza nyuzi 80 hadi 90 maji yatoke, ndipo upande 110 hadi 120 kwa dakika 20. Malengelenge hutokea pale ngozi ya nje inapofunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Dawa yake ni joto la mwanzo kuwa la chini, si kuongeza muda.

Kusoma tundu kwa kioo cha kukuzia

Kioo cha mara 10 kinatosha. Tundu la mviringo lenye ukingo laini ni kiputo cha hewa. Tundu lenye chembe katikati ni uchafu, salfa au kaboneti iliyoganda. Sehemu nyembamba iliyozungukwa na duara hafifu ni mafuta: kigandishi kilijivuta mbali na kalibu. Kalibu hizo zioshwe kwa asidi hafifu, zisuuzwe, kisha alkali ya moto na brashi, zisuuzwe tena. Asidi ikibaki itagandisha utomvu papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Habari mwalimu. Utomvu wetu unakuwa mzito kama uji baada ya siku mbili. Tunaongeza maji, unarudi vilevile.*

Acheni maji kwanza. Yanapunguza mpira, chanzo kinabaki. Pimeni pH. Ikiwa chini ya 10, amonia imeyeyuka hewani au hidroksidi haikutosha. Tangi likipita nyuzi 30 tatizo huenda mbio zaidi. Hakikisheni zinki haikutiwa mwanzo, na mtengeneze kiasi kinachoisha ndani ya muda wake.

*Naweza kutumia maji ya bomba?*

Kuoshea, ndiyo. Kuchanganyia, hapana, kama ni magumu: kalsiamu yake ndiyo hiyohiyo inayogandisha utomvu.

*Glavu zikikaa ghalani miezi michache zinanata na kugeuka hudhurungi. Tuongeze kizuia-kuzeeka?*

Kabla ya hapo, angalieni mabomba na koki. Shaba, hata ile ya ndani ya shaba nyeupe, huharakisha uozo wa mpira hata kwa kiasi kidogo mno, na manganizi vilevile. Wekeni chuma kisichoshika kutu au plastiki. Kisha jaribuni kuivuta glavu mpya: isiporudi kwenye urefu wake, haikuiva. Joto la nyuzi 70 kwa saa 168 huonyesha haraka kama mpira utazeeka vibaya.

*Tumetia dawa ya silikoni kuua povu. Povu limeisha, lakini sasa kuna vidoa vyembamba kiganjani.*

Ndiyo kawaida yake. Silikoni hutengeneza madoa ambayo utomvu haushiki. Punguzeni dozi sana, na tafuteni povu linakotoka: pangaboi ya kukorogea iliyo karibu mno na uso wa utomvu, sabuni iliyozidi, au utomvu unaorudi tangini kwa kudondoka kutoka juu. Bomba la kurudishia liingie chini ya uso wa utomvu.

*Glavu hazitoki kwenye kalibu, zinapasuka tukizivuta.*

Kaboneti, ambayo ndiyo huisaidia glavu kuachia kalibu, imezama chini ya tangi la kigandishi. Korogeni.

*Nitajuaje kama marekebisho yamefaulu bila mashine?*

Jaza kila glavu mililita 1000 za maji, itundike dakika 2, tazama matone. Weka alama kila inapovuja, urudi kwenye orodha yako ya kalibu.