Kabla hujapanda ndege ya Riyadh, zisome karatasi zako mwenyewe

Nina saiba ndogo, duka la intaneti na kuchapisha, Kayole ya Nairobi, upande wa Masimba, na kabla ya hapo nilifanya kazi ya nyumba Riyadh. Kwa hiyo wasichana wanaokuja kuchapisha mikataba na tikiti huishia kuvuta kiti, na swali la kwanza huwa lile lile: "Dada, mwajiri mzuri unamjuaje?" Humjui. Hakuna karatasi inayoonyesha roho ya mtu. Zipo, hata hivyo, karatasi zinazoonyesha kama utaishi kule kihalali, na nyingi unaweza kuzikagua hapa Nairobi kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na ajenti. Anayepeleka watu kazi ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina lililo kwenye risiti unayopewa, si lililo kwenye bango la mlangoni. Nimeshachapisha karatasi ambazo bango lilikuwa la kampuni moja na risiti ya nyingine. Angalia pia kama leseni yake haijaisha muda. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi, vipimo vya afya vya Wafid vinavyotakiwa na nchi za Ghuba, mafunzo ya kazi za nyumbani: hayo ajenti atakukimbiza nayo mwenyewe, sina la kuongeza, ila usiende kupimwa mapema mno. Majibu yale yana muda wake, na yakiisha kabla visa haijatoka utapimwa tena. Kule pia utapimwa upya.

Visa sasa. Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Visa ya kazi ya nyumbani imeandikwa kazi yenyewe na jina la mwajiri, ambaye kule anaitwa kafili. Ukiona imeandikwa visa ya kutembelea, au ya Umra, na ajenti anakwambia "utabadilishiwa ukifika," chukua pasipoti yako uondoke. Visa ya kutembelea haikupi ikama, yaani kibali cha kuishi kule kwa kazi, na siku zake zikiisha wewe ni mkosaji mbele ya sheria hata kama unaamka alfajiri kila siku kuosha vyombo vya watu. Kuna na hii wanayoiita fri visa: kafili yuko kwenye karatasi tu, unamlipa ili utafute kazi kwingine. Sheria ya Saudia haitambui kitu hicho. Ukikamatwa unafanya kazi kwa asiye kafili wako, yule uliyemlipa hatakuja kukutetea.

Visa ina Kiarabu kingi. Hujui kukisoma? Nenda kwa mwalimu wa madrasa yoyote iliyo karibu, au Eastleigh kwa mtu aliyekisoma, umwombe kwa heshima. Atakusomea mambo matatu: kazi, jina la kafili, na jina lako. Herufi iliyokosewa kwenye jina ipiganie irekebishwe hapa. Ukishafika, marekebisho yatapitia kwa kafili, na yeye hana haraka.

Mkataba usome ukiwa umeshika visa mkono wa pili. Kafili wa kwenye mkataba awe ndiye wa kwenye visa. Mshahara uwe kwa riyali (wangu ulikuwa 900), na muda, kwa kawaida miaka miwili, uwe umetajwa. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa leba. Kwa hiyo muulize ajenti muhuri uko wapi. Akijibu kwamba hayo ni ya zamani, panda matatu ushuke Community, uende Social Security House, Bishops Road, ukaulize wizara ya leba mwenyewe. Mkataba wa kwenye Musaned, ule mfumo wa serikali ya Saudia wa wafanyakazi wa nyumbani, ndio unaohesabika kule. Ukipewa mkataba mmoja hapa na mwingine uwanja wa ndege, uulizie ule ulioingizwa Musaned.

Kisha nakala. Pasipoti, visa, mkataba, anwani ya ajenti na ya maktab, yaani ofisi ya kule inayokupokea. Fotokopi moja abaki nayo mtu wa nyumbani anayeshika simu hata usiku. Picha zake zitume kwenye barua pepe yako, na nywila uijue kwa kichwa, maana simu inaweza kuchukuliwa siku unayofika. Wasichana wengi wanaokuja hapa hawajui nywila zao. Simu ndiyo inayowakumbukia. Huwa nawalazimisha watoke kwenye barua pepe na kuingia upya mbele yangu, mara nyingi kwa manung'uniko. Kariri pia namba mbili za simu za Kenya.

Ukifika, pasipoti itapigwa muhuri wenye namba ya mpakani, rakam hudud. Iandike. Ndiyo utambulisho wako hadi upate ikama, kibali cha kuishi, na kafili ana siku 90 tangu uingie kukutolea. Katika siku hizo utapelekwa kupimwa na kuchukuliwa alama za vidole, basma. Gharama ni zake, si zako. Akikukata mshahara eti ni wa ikama, hiyo si haki yake, na akichelewa kuihuisha faini ni juu yake pia: riyali 500 mara ya kwanza, 1,000 mara ya pili.

Ikama ikitoka, namba yake huanza na 2. Ikariri kama unavyokariri namba ya kitambulisho cha Kenya. Kwa namba hiyo unasajili laini ya simu kwa jina lako, unafungua akaunti ya mshahara, na unaingia Absher, programu ya wizara ya mambo ya ndani ambamo unaona tarehe ya mwisho ya ikama na hali yako ilivyoandikwa. Msichana mwenye laini ya jina la madam wake hawezi kuingia Absher, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unaenda kwenye simu ya madam. Kwa hiyo omba laini yako kabla hujaomba kitu kingine chochote.

Jambo la tarehe limewaponza wengi. Karatasi nyingi za kule huandikwa kwa Hijria, kalenda ya Kiislamu, na mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Serikali yao ilipitisha mwaka 2023 kwamba shughuli rasmi zihesabiwe kwa kalenda ya kawaida, lakini bado utakutana na zote mbili. Ukiona mwaka umeandikwa 1447, usicheke. Geuza tarehe hiyo kwenye intaneti, kisha iandike kwenye daftari lako kwa miezi unayoijua.

Pasipoti kushikwa na mwajiri hairuhusiwi kule, lakini wengi huishika. Hapa kuna wenzangu wananipinga, ila mimi nasema usianzishe vita vya pasipoti wiki ya kwanza. Una nakala, na pasipoti ikipotea ubalozi unaweza kukupa hati ya kusafiria. Vita yako iwe ya ikama. Bila ikama hai huwezi hata kuondoka kwa utaratibu, pasipoti uwe nayo usiwe nayo.

Sasa jambo ambalo maajenti hawalisemi. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuhamishiwa kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya kafili, kwa sababu zilizotajwa na wizara ya kazi ya kule. Baadhi ni hizi: hukulipwa mishahara ya miezi mitatu, iwe mfululizo au la, kafili hakuja kukuchukua kituo cha mapokezi ndani ya siku 15, hajakutolea ikama, au imepita siku 30 tangu iishe naye hajaihuisha, anakukodisha kwa watu wengine, anakupa kazi ya hatari, yeye au jamaa zake wanakutesa, au amekuripoti kwa uongo kwamba umetoroka. Namba ya wizara ni 19911. Ushahidi ndio utakaokubeba: picha ya ikama iliyoisha, taarifa ya akaunti isiyo na mshahara, ujumbe wa WhatsApp. Mshahara wa mkononi ukisainishwa kwenye karatasi ambayo huna nakala, kesho ni neno lako dhidi ya lake, kwa hiyo sisitiza upitie benki. Musaned siku hizi ina utaratibu huo.

Kutoroka je? Ukawa kemboi, kama wasichana wanavyosema. Nitasema ukweli ingawa kina mama hapa Kayole hawapendi nikisema: wapo wanaopata pesa zaidi nje kuliko ndani. Lakini kafili akiripoti kwamba hupo kazini, jina lako linaingia kwenye mfumo kama mtoro, ile huroob, na tangu hapo hospitali ni shida, benki ni shida, na ukikamatwa ni basma, kituo cha kurudishia watu kwao na marufuku ya kurudi. Kama unapigwa na lazima utoke usiku huo, toka. Ila usielekee kwa rafiki kwanza. Nenda polisi, au ofisi ya wizara, au ubalozi wa Kenya Riyadh, na uende siku hiyo hiyo, ili malalamiko yako yatangulie ripoti ya kafili. Wakikupa namba ya kesi, itume nyumbani kabla ya kulala.

Mkataba ukikaribia kuisha, utaulizwa kama unabaki. Ukibaki, nyongeza ya mshahara izungumzwe kabla ikama haijahuishwa, kwa sababu ikishahuishwa hamu ya kukusikiliza hupungua, na nyongeza hiyo iingizwe Musaned. Ukimtumikia kafili mmoja miaka minne mfululizo, unastahili malipo ya mshahara wa mwezi mmoja unapoondoka. Wengi huondoka bila kuyaulizia.

Ukiondoka moja kwa moja, hakikisha visa ya kutokea ni ya mwisho, khuruj nihai. Ipo nyingine, khuruj wa auda, ya kwenda likizo na kurudi. Makafili wengine huwapa watu hiyo ya pili hata kama mkataba umekwisha, kwa kutumaini utarudi. Ukikaa Kenya mpaka iishe, utaandikwa kama mtu aliyetoka asirudi, na siku unayotaka kwenda kwa kafili mwingine jina lako linaweza kuwa na doa. Iangalie kwenye Absher kabla tikiti haijanunuliwa, na mwombe kafili aibadilishe ungali nyumbani kwake. Ukishafika dirisha la uhamiaji uwanjani, hakuna tena wa kumwambia.