Semina ya walimu wa chuo: mbinu moja tu inatosha

Kama we ndo umepewa kazi ya kupanga semina ya kuwanoa walimu wa chuo, achana na slaidi za asubuhi mpaka jioni, chagua mbinu moja ambayo mwalimu ataitumia wiki ileile. Mi napendekeza ya wanafunzi kufundishana (Peer Instruction) ya Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, aliyeianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuona wanafunzi wanakokotoa vizuri lakini dhana yenyewe hawajaielewa.

Inaenda hivi: fundisha kidogo, alafu uliza swali la kuchagua jibu, la kufikirisha sio la kukariri. Kila mtu afikirie kimya na achague kwa kadi au vidole, hamna haja ya mashine. Usitaje jibu bado! Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 ya darasa, waambie wageukie jirani, kila mmoja amshawishi mwenzie, dakika 2 au 3 hivi, wapige kura tena ndo ueleze. Chini ya 30 rudia kufundisha, juu ya 70 songa mbele.

Kwenye semina sasa, walimu wakae kama wanafunzi kwanza, alafu kila mmoja aandike swali la somo lake na wenzie walikosoe, na hapo ndo penye kazi kwelikweli maana majibu ya kutegea (yale yasiyo sahihi) lazima yatoke kwenye makosa ambayo wanafunzi wanayafanya kweli. Baadae wapange wawili wawili watembeleane darasani, na ripoti isiende kwa mkuu wa idara, ibaki kati yao.