Ukifunga turbo kwenye 1NZ ya IST, kumbuka injini nayo inapumua

Wakuu, IST na Vitz zenye injini ya 1NZ zinafungiwa turbo kila kukicha na malalamiko ni yale yale, turbo inavuta oili, moshi wa bluu, dipstiki inaruka yenyewe, oili sili ya nyuma ya kranki inavuja, halafu mtu anakimbia Ilala kutafuta turbo nyingine. Anafunga, wiki mbili moshi umerudi. Mara nyingi turbo haina kosa kabisa, injini ndio imezibwa pumzi.

Iko hivi. Ringi za pistoni hazizibi mia kwa mia, kila silinda ikiwaka kuna gesi kidogo inapenya kushuka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hiyo ndio blobai. Kwenye gari la kawaida Toyota kaweka njia mbili juu ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Moja ina PCV, valvu ndogo ya kutolea gesi hiyo, na inaenda kwenye manifodi ya hewa, ile vakyumu inafyonza gesi ikachomwe tena. Ya pili ni mpira mnene kidogo unaoenda kwenye bomba la hewa kabla ya throto, huo unaingiza hewa safi na ukikanyaga sana gesi inatokea hukohuko. Sasa ukiweka turbo, manifodi ikiwa kwenye boosti, yaani turbo inasukuma hewa ndani, haina vakyumu tena, ina presha, na PCV iliyochoka ikipitisha kidogo tu boosti inajaza tumbo la kranki. Wakati huohuo presha ya silinda imepanda kwa hiyo na blobai imeongezeka. Na kumbuka oili ya turbo inarudi sampu kwa kushuka tu, hakuna pampu inayoivuta, sampu ikiwa na presha oili inakosa pa kwenda, inajaa kwenye turbo na kupita kwenye sili zake. Hapo ndio unaambiwa turbo mbovu.

Kabla hujanunua hata mpira mmoja pima injini. Kompresheni peke yake haitoshi, mwambie fundi aingize hewa ya kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga aone asilimia ngapi inapotea, chini ya 10 safi, ikikaribia 20 na unasikia upepo ukitoka mdomo wa kujazia oili ujue ringi zimekwisha na hakuna kopo la kudaka oili wala valvu itakayokuokoa. 1NZ-FE ina kompresheni 10.5 kwa 1 na koni rodi zake nyembamba, kwa hiyo hapa naongelea boosti ndogo, psi 5 mpaka 7, anayetaka 15 afungue injini kwanza.

Haya tuanze upande wa PCV. Weka PCV mpya, halafu kati yake na manifodi weka valvu ya nonriteni, inayopitisha hewa upande mmoja tu. Ile ya mpira wa haidrovaki ya breki inafanya kazi nzuri na iko kila duka la spea, ila nunua ya kwako, usithubutu kung'oa ya breki zako! Upande uliokuwa unaangalia haidrovaki uelekee PCV, upande wa manifodi ubaki manifodi. Hakikisha kwa mdomo kabla ya kufunga, ukipuliza toka upande wa PCV hewa ipite, ukipuliza toka manifodi igome kabisa. Za akwariamu za plastiki achana nazo, joto na oili vinaziua haraka.

Upande wa pili ndio wenye kazi kubwa maana ukiwa kwenye boosti gesi yote inatokea huko. Toa mpira kwenye tapeti kava, uingie kechikeni, yaani kopo la kudaka oili, halafu utoke uende kwenye bomba la kuingilia turbo, baada ya ea flo sensa, ile inayopima hewa inayoingia, na kabla ya turbo. Pale turbo inavuta, kwa hiyo inakusaidia kunyonya gesi badala ya kuiacha ijitokee. Mpira uwe mnene, milimita 16 ndani ni saizi nzuri, na kama tundu la tapeti kava ni dogo chomelea lingine, ila kava iwe imevuliwa mezani na chipsi za metali zioshwe zote. Usitoboe pale kamu inaporusha oili moja kwa moja, tafuta sehemu yenye kile kibati cha kukinga ndani.

Kopo lenyewe lisiwe tupu. Wengi wananunua kopo linalong'aa, ndani hakuna kitu, gesi inaingia na kutoka na oili yake vilevile, halafu oili hiyo ikifika kwenye silinda inashusha okteni na injini inaanza kugonga. Liwe na vibati au wavu wa stenlesi, sio ile waya ya kusugulia masufuria, inakatika vipande na turbo itavimeza. Mipira iwe ya kuhimili oili, wa maji unalainika na wa gesi ya jikoni sitaki hata kuusikia, na isiwe na bonde katikati maana pale maji na oili vinajikusanya na kuziba.

Kuna wanaopenda kichujio kidogo juu ya kopo, gesi itoke nje. Inawezekana, lakini harufu inaingia ndani ya gari, oili inarukia ekzosi ya moto, na kama PCV bado imeunganishwa kontroboksi, kompyuta ya injini, inapata hewa ambayo sensa haikuipima, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba. Ukiamua hivyo ziba na tundu la manifodi, na oili umwage mapema kuliko kawaida kwa sababu hewa safi haizunguki tena ndani.

Bomba la kurudisha oili toka turbo lishuke moja kwa moja, liingie sampu juu ya usawa wa oili, bila kona ya kupanda.

Kupima: ikiwa sailensa fungua kifuniko cha oili, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, kivutwe taratibu ndani. Kikisukumwa nje, nonriteni imegeuzwa au mpira umeziba. Halafu unga geji ndogo ya psi 0 mpaka 5 kwenye bomba la dipstiki, mtu wa pili aisome mkiwa mnapanda mlima kwa boosti kamili, Kitonga inafaa sana kama uko njia ya Iringa. Ikibaki chini ya nusu psi uko vizuri, ikikaribia 1 toa mguu, rudi kwenye mipira na ringi.

Kopo likague kila wiki mwanzoni, ujue linajaa kwa kasi gani. Ukiona uji kama maziwa usipanike, asubuhi za baridi za Mbeya au Njombe mvuke lazima ugeuke maji, lakini angalia pia maji ya rejeta kama hayapungui. Na ile oili ya kwenye kopo imechanganyika na maji na petroli, usiirudishe kwenye injini hata kama inaonekana nzuri.